Karatasi za Baba Hazikupita Saiba

Aliyeuza karatasi zetu ni karani wa saiba, pale watu wanapolipia kompyuta na mtandao. Naanza na yeye kwa sababu yeye ndiye alianza. Wa pili ni binamu yangu, mtoto wa dada ya mama, mwenye lori la kubeba ng'ombe na ulimi wa kuuza ploti za watu. Wa tatu ni mnunuzi wao, yule kijana wa shati la pasi aliyekuja na trekta. Majina yao sitaandika. Mama amenikataza, anasema jina likishaandikwa linabaki pale hata mwenyewe akitubu. Lakini mtu wa Isiolo akisoma hapa atawajua wote watatu, na wao wakisoma watajijua. Hiyo inanitosha.

Ploti yenyewe iko upande wa Burat. Babu yangu, awowe kama tunavyomwita kwetu, alikuwa askari wa Mzungu. Vita ilipoisha hakurudi kwao, akapewa barua na kipande cha ardhi hapa, akaoa, akazaa, akazikwa. Baada yake akakaa baba yangu, mfanyabiashara wa ng'ombe. Baada ya baba tukabaki mama, kaka yangu anayeendesha lori la mizigo la Moyale, na mimi nauza maziwa ya ngamia sokoni. Kaka yuko barabarani kila wakati, mama amechoka magoti, kwa hiyo mambo ya ploti yakawa yangu. Shule niliacha darasa la nne. Kusoma najua, kuandika najua, na kudanganywa pia nimejua.

Ilisemekana hati za ardhi zinakuja, watu watayarishe karatasi. Nikachukua barua ya awowe na kopi ya kitambulisho cha baba, nikaenda saiba. Barua ilikuwa imechanika kwenye mkunjo, nikaibandika selotepu asubuhi ile ile kabla ya kutoka. Karani alikuwa kijana mpole sana, ananiita mama, ananifutia kiti. Akaskani, akaunganisha, akatuma mahali pa kutumwa. Nikamwuliza, "Umefuta kwa mashine yako?"

"Mama, nimefuta zote. Ona." Akanigeuzia kioo, hakuna kitu. Nilishukuru, nikamwombea dua kabisa. Hiyo dua mpaka leo naidai.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikiwa jikoni nachemsha maziwa, nikasikia trekta linanguruma ndani ya uwanja wetu, ndani kabisa, si barabarani. Sikuwahi kutoka. Ukuta wa jikoni ulinijia wote pamoja na sufuria. Watu walinitoa chini ya matofali nikiwa na mguu uliovunjika mara mbili na shingo iliyobabuka kwa maziwa. Nilipona. Natembea kwa kuvuta mguu, na watoto wa soko wananiigiza nikipita, lakini nilipona, na aliyekuja kuniondoa hakuniondoa.

Yule wa shati la pasi alisimama pale akishika karatasi ndani ya plastiki. Majirani wakamzunguka, akawaonyesha ili wasimpige: kopi ya barua ya awowe. Jirani mmoja akanishikia hiyo kopi mbele ya macho nikiwa bado nimelala chini nangoja gari la hospitali. Nikaiona selotepu yangu. Imekaa pale pale kwenye mkunjo, na kona moja imepinda vile niliibandika kwa haraka. Hiyo selotepu iliona jua la asubuhi moja tu kabla ya kuingia saiba. Mtu asiniulize tena najuaje.

Kesi ikaenda kwa kamati ya ardhi. Kamati ikamzuia yule na trekta lake, ikasema itasikiliza pande zote mbili. Hapo ndipo walitusomea dai lake: eti aliuziwa ploti na baba yangu mwenyewe, kuna makubaliano, kuna sahihi. Sahihi ilifanana na ile ya kitambulisho. Lazima ifanane, waliitoa hapo. Lakini tarehe! Tarehe waliyoandika, baba yangu alikuwa ameshakaa kaburini miaka.

Nilitaka kucheka pale ofisini. Nilipofika nyumbani nikafikiri vizuri, kicheko kikaisha.

Baba alifia Korbesa. Alikuwa amekwenda kuangalia ng'ombe aliowaacha kwa rafiki yake Mborana, akashikwa na kifua, akafa mapema asubuhi. Walimwosha, wakamswalia, wakamzika kabla ya alasiri, kama inavyotakiwa. Nani angetoka hapo kwenda mpaka ofisi za Merti kuuliza karatasi ya kifo? Mtu amekufa, kila mtu ameona amekufa, Mungu ana habari. Hivyo ndivyo tunazika kule, na binamu yangu anajua hivyo ndivyo tunazika. Alikuja matangani, alikula nyama yetu. Tarehe ya kifo alikuwa nayo kichwani kuliko mimi. Shida yao ilikuwa mnunuzi. Wakati baba anafariki, yule kijana alikuwa bado anavaa kaptura ya shule, hawezi kununua ploti, labda biskuti. Kwa hiyo wakasukuma tarehe mbele mpaka kijana akue. Walijiambia: sisi tutasema mzee alikuwa hai, wao watasema alikuwa amekufa, na karatasi ya kifo hawana.

Walikuwa sawa. Hatukuwa nayo.

Nikaitafuta. Nilipanda gari mpaka Korbesa na huo mguu. Wazee wawili waliomwosha baba walikuwa wako hai, mmoja haoni tena. Walikuja kwa chifu, wakala kiapo, chifu akaandika, karatasi zikazunguka ofisi moja mpaka nyingine, nami nikizunguka nazo kama mchungaji, na mwisho nikapewa cheti cha kifo cha baba yangu, kimechelewa lakini kina mhuri. Aliyejua tunacho ni mama, mimi, na wifi yangu, mke wa kaka. Hata kaka hatukumwambia kwa simu, kwa sababu anazungumza kwa sauti na binamu ana marafiki kila stejini.

Sasa sikia taabu. Kamati ilisema kila upande utume karatasi zake zote kwa barua pepe, zikiwa PDF moja. Vipande vipande hawapokei. Na mlango ulikuwa wazi kwa pande zote mpaka siku waliyotaja. Maana yake, binamu akipata habari ya kile cheti kabla ya siku hiyo, anabadilisha. Anatafuta mnunuzi mzee zaidi, anaandika makubaliano mengine ya zamani, anatupa yale ya kwanza. Mtu aliyetengeneza karatasi moja hashindwi na ya pili. Na sisi tungerudi kwa trekta. Mama hana mahali pengine pa kulala duniani.

Na kuunganisha karatasi, mji huu, watu wanaenda saiba.

Wifi yangu ni Mmeru, alisilimu alipoolewa na kaka. Anafanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya mtu binafsi, ana laptopu yake. Tunataniana tangu siku ya harusi yake na hatujawahi kupumzika. Akaniambia, "Wewe acha kulia saiba. Kuna ukurasa unaunganisha PDF ndani ya brauza. Karatasi haziendi mahali."

"Nani amesema haziendi?"

"Wenyewe wameandika hapa, soma."

"Hata yule wa saiba alisema. Mdomo wake ulikuwa mtamu kushinda hii maandishi."

"Wifi, wewe hata ukikaribishwa chai peponi utauliza maziwa ni ya nani."

"Nitauliza. Mimi ni mtu wa maziwa."

Akaketi, akanieleza polepole, hapo namsifu. Akasema kurasa nyingine huchukua karatasi yako, zinaipeleka kwenye kompyuta za watu mbali huko, inaunganishwa huko, halafu unarudishiwa. Kama wamebaki na kopi, wewe hutajua. Huu mwingine unakuja na ufundi wake mpaka kwako, unaingia kwenye brauza yako, na kazi inafanyika ndani ya mashine yako mwenyewe. Karatasi haitoki mlangoni.

Nikaelewa kwa njia yangu. Kwenye soko la mifugo baba alikuwa akiuza ng'ombe bila kufungua mdomo. Yeye na mnunuzi wanashikana mikono, mmoja anatupa shuka juu ya mikono, na chini ya shuka vidole vinasema bei. Kidole hiki ni hivi, kukibonyeza hivi ni vile. Madalali wamewazunguka wamejaa kama nzi, wanaona shuka inatikisika na hawajui kitu. Nikamwambia wifi, "Kumbe hii ni mkono chini ya shuka."

"Hapo sasa."

"Lakini nitajuaje shuka haina tundu?"

Akacheka, halafu hakucheka. Akasema kliniki kwao, karatasi za wagonjwa, mkubwa wao amewafundisha: fungua ukurasa kwanza, uache uingie wote, halafu kata mtandao kabisa. Ndipo uchague karatasi zako. Kama kazi inafanyika bila mtandao, basi inafanyika hapa. Kama inakwama, basi ilikuwa inataka kutoka.

Hiyo niliipenda. Ukitaka kujua dalali ana kazi gani kwenye biashara, mwondoe uone kama biashara inaisha bila yeye.

Tulingoja mpaka siku ya mwisho yenyewe, baada ya adhuhuri, ili karatasi zisilale ofisini hata usiku mmoja. Simu ya wifi ilikuwa imeshapiga picha kila karatasi na kuigeuza PDF, akazihamisha kwenye laptopu kwa waya. Mtandao wa laptopu unatoka kwa simu hiyo hiyo. Akafungua ule ukurasa, ukaingia, una kisanduku katikati cha kuweka faili. Akazima simu. Mimi sikutosheka, nikaichukua simu nikampelekea mama aliyekuwa mlangoni na tasbihi yake. "Hooyo, shika hii, mtu asiiguse."

Mama akaifunga kwa ncha ya leso, akaiweka chini, akaikalia.

Wifi akapiga kelele, "Itavunjika!"

"Nimekalia watoto wenye homa hawakuvunjika," mama akasema. Alimaanisha nini sijui, lakini simu ilikuwa salama.

Nikamwambia wifi ajaribu kwanza kufungua ukurasa mwingine wowote, wa habari. Ukakataa, ukasema hakuna mtandao. Vizuri. Ndipo akachagua faili zetu. Zikajipanga kwenye kioo kama picha ndogo ndogo, na unaweza kuivuta moja kwa kidole ikae mbele au nyuma. Hapo tukagombana.

Wifi alikuwa ameweka kitambulisho changu mbele kabisa. Nikakivuta mpaka mwisho. Akakirudisha.

"Kamati wameandika, kitambulisho cha mwombaji kianze."

"Mimi nianze mbele ya awowe? Mbele ya baba, amelala kaburini, mimi nimtangulie nikiwa na ile picha ya macho kama mbuzi?"

"Ni PDF, wifi. Si karamu."

"Watu wanaingia kwa umri, kwa karamu na kwa PDF."

Nikaipanga mimi. Barua ya awowe. Kitambulisho cha baba. Cheti cha kifo cha baba. Cheti cha ndoa ya mama, kile cha kadhi. Viapo vya wazee wa Korbesa. Halafu mimi nyuma kabisa, mahali pangu. Wifi akanyanyua mikono, akasema wakikataa hiyo faili ni mimi nitamwambia mumewe. Akabonyeza pa kuunganisha.

Haikuchukua hata kumeza mate. Faili moja, hapo kwenye laptopu, na mtandao umekaliwa na mama. Nikamwambia, "Rudia." Akarudia. Ikafanya tena. Akaifungua, tukapitia ukurasa mmoja mmoja, kila mhuri unasomeka, hata selotepu yangu.

"Sasa mama ainuke?"

"Bado. Tunafunga kwanza huu ukurasa wa kuunganisha, kabisa kabisa," wifi akasema. "Usirudishe mtandao karatasi zikiwa bado zimekaa ndani yake." Akafunga. Ndipo mama akainuka, simu ikawashwa, barua pepe ikaenda kwa kamati peke yake. Kopi moja ya hiyo faili nikaweka kwenye flashi, nikamwambia wifi afute zote kwenye laptopu na kwenye simu, na amwage pia lile pipa la takataka la ndani. Nilisimama nyuma ya bega lake mpaka akamaliza. Hakuudhika. Anaujua mguu wangu, yeye ndiye alikuwa akiuosha.

Siku ya kusikilizwa ukumbi ulijaa. Kamati wamekaa mbele, na mashine ya kutupa picha kwenye ukuta mweupe. Mwenyekiti ni mama wa makamo, mkali, hapendi kelele. Binamu alikaa karibu na mnunuzi wake, miguu imekunjwa, ananisalimia kwa mbali, "Salaam aleikum, abaayo," kwa sauti ya mtu anayesaidia. Abaayo ni dada. Nilimjibu salamu kwa sababu salamu ni ya Mungu.

Wakaanza na faili yao. Barua ya awowe, kopi ile ile. Kitambulisho cha baba. Makubaliano ya kuuza. Mwenyekiti akasoma tarehe kwa sauti, akamwuliza yule kijana, "Mzee ulimjua wewe mwenyewe?"

"Vizuri kabisa. Tulikaa na yeye, tukakunywa chai, akaweka sahihi nikimwona."

"Siku hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

Ikaja faili yetu. Mwenyekiti akatazama ukuta, uso ukakunjika. "Mama, tuliandika kitambulisho cha mwombaji kije kwanza."

"Kipo, mwenyekiti. Kiko nyuma. Siwezi kutangulia mbele ya wazee wangu."

Watu wakacheka. Mzee mmoja nyuma akasema, "Mwacheni, ana adabu." Mwenyekiti hakucheka, akaanza kushuka karatasi moja moja akitafuta kitambulisho changu. Awowe akapita ukutani. Baba akapita. Halafu akaacha kushuka.

Akarudi juu kidogo. Akavaa miwani.

"Hiki ni cheti cha kifo?"

"Ndiyo. Cha baba yangu."

Akasoma tarehe kwa sauti. Mtu mmoja, nafikiri ni dalali wa mbuzi, akasema kule nyuma, "Hiyo chai ilipikwa ahera!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mwenyekiti alipiga meza mpaka kalamu zikaruka.

Hapo binamu yangu akainuka. Angekaa kimya labda mambo yangeburutwa mwaka mwingine, lakini hasira ilimshika. Akanielekeza kidole. "Hiyo imetoka wapi? Mtu aliyezikwa Korbesa hana karatasi! Kule hakuna mtu huchukua karatasi!"

Mwenyekiti akavua miwani. "Kwa hivyo ulijua alizikwa."

Binamu akabaki amesimama.

"Na ulijua Korbesa," mwenyekiti akasema. "Halafu umetuletea hapa shahidi wa chai."

Kamati waliandika siku hiyo hiyo kwamba yale makubaliano hayana maana, ploti ni ya familia ya marehemu, na mpimaji aje kuweka mawe ya mpaka. Walisema pia mambo ya kughushi yatapelekwa kwa polisi. Hayo ya polisi walisema tu. Karani wa saiba bado anafuta viti na kuita watu mama. Binamu bado ana lori. Yule kijana alihama mji, wanasema yuko Meru anauza magari ya watu, nami nawaombea watu wa Meru. Kwa hiyo usiniambie haki imetendeka. Mguu wangu haujanyooka kwa karatasi yoyote. Lakini ardhi hawakuipata, na hawataipata, na sasa nikiwa na karatasi ya kuunganisha naiunganisha mwenyewe nyumbani. Wanawake wa maziwa wananiletea zao. Nawafundisha kukata mtandao kwanza, na kupanga wazee mbele ni hiari.

Nikitoka ukumbini siku ile binamu alinifuata mpaka nje, jasho limemjaa shingoni. Akasema kwa sauti ya chini, ya kifamilia, "Abaayo, ungeniambia una hiyo karatasi, tungeongea nyumbani, mambo yangeisha bila aibu."

"Ndiyo maana sikukuambia," nikasema, nikaenda zangu nikivuta mguu, na sikuharakisha.

Mama alikuwa amekaa mahali palipokuwa jikoni, kwenye ile sakafu iliyobaki. Wifi alishampigia simu, alijua tayari kwamba ploti imebaki. Hakuniuliza habari ya ploti. Aliniuliza, "Jina la baba yako walilisoma?"

"Walilisoma, hooyo."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, mbele ya watu wote. Na wakasema marehemu."

Tangu baba azikwe, hakuna ofisi iliyowahi kumwita hivyo. Kwa karatasi za serikali alikuwa bado anatembea, anauza ploti, anakunywa chai na vijana. Mama akajifuta uso kwa leso, akasema inna lillahi kama vile habari imemfikia siku hiyo. Halafu akanyoosha mkono nimwinue, akaniambia nimwite fundi wa matofali kabla hajachukua kazi ya mtu mwingine.